Namna ya Kuunda Kikosi cha Ngamia Katavi, na Kukipoteza kwa Heshima

Hongera, Afande. Wenzako huota ndoto wakiamka wakazisahau. Wewe umeamka ukaandika andiko la mradi. Utaunda kikosi cha askari wapanda ngamia, makao makuu Mpanda Mjini, na doria zake zitafika Inyonga upande wa mashariki, Kibaoni upande wa kusini, na Karema kule kwenye Ziwa Tanganyika. Mkoa ni mkubwa, barabara za lami ni za kuhesabu, na mnyama mwenyewe hanywi petroli. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Mwongozo huu hautakuuliza kwa nini. Swali hilo halijawahi kusimamisha mradi wowote ulioletwa huku kutoka mbali, na si vizuri lianze na wa kwako. Fuata hatua moja baada ya nyingine, usiruke, na tunza risiti.

Hatua ya kwanza: Chagua picha ya kubandika ukutani

Mpangaji hodari haanzi kwa kutazama ardhi. Huanza kwa kutazama picha. Inayofaa zaidi ni ya Imperial Camel Corps, kikosi kilichoundwa Misri mwaka 1916, wengi wao Waaustralia: bunduki begani, kofia upande, ngamia wamejipanga mchangani mpaka macho yanaishia. Ibandike juu ya meza yako. Maelezo yake usiyasome mpaka mwisho, maana yanasema kwamba mwaka 1918, vita vilipokwisha kutoka jangwani na kuingia Palestina penye majani na maji, Waaustralia walewale walinyang'anywa ngamia wakapewa farasi.

Ukitaka picha ya pili, chukua ya Sudan. Mwaka 1884 Waingereza waliunda kikosi cha ngamia kwenda kumwokoa Jenerali Gordon, aliyezingirwa Khartoum. Tarehe 17 Januari 1885, pale Abu Klea, wapiganaji wa Mahdi, kiongozi wa uasi huko, waliwavamia. Askari walikuwa wameshashuka na kujipanga mraba, ngamia wako katikati pamoja na majeruhi, na vita vikapiganwa kwa miguu. Gordon aliuawa tarehe 26. Meli za waokoaji zilitokea mbele ya Khartoum tarehe 28. Ngamia hakuwa na kosa. Serikali ya London ilikuwa imekaa miezi ikijadili kama safari yenyewe iwepo.

Ya tatu ni ya jirani zaidi. Mwaka 1912, huko Somaliland, Waingereza waliunda polisi wa ngamia chini ya Richard Corfield ili kuwakabili Madarwishi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Corfield aliagizwa asijitie kwenye mapigano. Tarehe 9 Agosti 1913, pale Dul Madoba, alijitia, na hakurudi kueleza.

Kwenye picha hizi tatu kuna kanuni mbili. Kwanza, askari wa ngamia hupanda ili afike na hushuka ili apigane. Ngamia ni usafiri, si silaha. Pili, popote ngamia alipoifanya kazi hiyo vizuri palikuwa na mchanga, miiba na ukavu. Kanuni ya pili isikukatishe tamaa. Katavi ina miiba.

Hatua ya pili: Pata ngamia

Ngamia wapo Tanzania. Wako Longido, wako Mkuru chini ya Mlima Meru, ambako hubeba watalii kwa mwendo wa pole huku wakipigwa picha. Zamani walikuwepo hata Unguja mjini, wakizungusha vinu vya kukamua mafuta ya ufuta, macho yamefungwa kitambaa, wakitembea mchana kutwa bila kutoka walipo. Ukipata wa ukoo huo, usimpeleke porini. Mpe kazi makao makuu, kitengo cha mipango.

Mwambie muuzaji kwamba unataka wenye uzoefu wa kijeshi. Atakuhakikishia kwamba wote wanao. Ngamia mzima hubeba kilo 150 na zaidi, hupiga magoti ili apakiwe, na akiwa na kiu kali anaweza kumaliza lita mia za maji kabla hujamaliza chai yako. Dume lililo kwenye msimu wa kupanda hutoa povu, hutokeza nyama laini yenye kujaa upepo pembeni mwa mdomo, na halipokei amri ya mtu wa cheo chochote. Usipange gwaride la kumpokea mgeni rasmi katika msimu huo.

Kutoka Tabora wapakie kwenye treni. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa na Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki na wenyeji, ikawafaa kwa mizigo na safari zao. Ni mfano mbaya kwako, kwa sababu ni mradi ulioishia kuwafaa watu. Pita haraka, usiuchunguze.

Hatua ya tatu: Jitambulishe kwa mwenye mkoa

Ukishuka Mpanda utapiga hodi kwa mkuu wa mkoa, kwa kamanda wa polisi na kwa afisa mifugo, na kila mahali utasaini kitabu cha wageni. Itifaki imetimia, lakini mwenye mkoa hujaonana naye. Huyo utamkuta mara tu utakapouacha mji na kuingia msituni kuelekea Sitalike. Vitabuni anaitwa mbung'o. Huku watu wanamwita ndorobo.

Mtazame vizuri anapotua kwenye goti lako. Ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa jikoni, rangi yake ni kahawia isiyo na mvuto. Akitulia hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine, zikalaliana kabisa, na mdomo wake hutokeza mbele umenyooka. Suruali ya jinzi haimzuii. Ukimpiga kofi huanguka sakafuni mwa gari, ukamsahau, kisha akainuka na kurudi kwenye goti lilelile. Jike hatagi mayai: hulea buu mmoja mmoja tumboni, akamwangusha kwenye udongo wa kivulini akiwa ameshakua. Uzazi wa polepole namna hiyo ungemmaliza mdudu mwingine yeyote. Yeye umemtosha kuishikilia nchi hii vizazi na vizazi.

Ndorobo hupenda kitu kikubwa, cheusicheusi, kinachotembea. Hupenda pia rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego anayowekewa kando ya njia za hifadhini ni vitambaa vya rangi hizo. Madereva wa watalii huwasha kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo lililotobolewa, wakalitundika garini, na moshi wake ukapunguza adha. Zingatia hayo unapochagua sare. Ukikivalisha kikosi buluu, utakuwa umeunda mtego wa ndorobo wenye cheo na mshahara. Na kila ngamia atahitaji kopo lake, na kila kopo litahitaji askari wa kulichochea. Mwandike kwenye bajeti kama Mpiganaji wa Moshi.

Mdudu huyu hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Ngamia, ambaye mababu zake waliishi nchi zisizo na ndorobo, humpokea bila kinga yoyote: homa humshika, nundu hulegea, mbavu hutokeza, na mwisho hupiga magoti pasipo mtu kumwamuru.

Jambo hili halikuwa siri. Livingstone alishuka ghuba ya Mikindani mwaka 1866 akiwa na ngamia sita, nyati wa Kihindi watatu na ndama wao, baghala wawili na punda wanne, akitaka kuona kama wanyama wa India watamstahimili ndorobo. Akapanda nao bonde la Ruvuma. Ndorobo waliwauma, na askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama hao wakawabebesha kupita kiasi na kuwapiga, hata ikawa vigumu kumjua mwuaji ni nani. Jaribio likafa pamoja na wanyama. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili na punda 27; farasi walikufa mapema, punda wakaendelea kupungua njia nzima. Mmisionari Roger Price alipima njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876, akarudi na matumaini tele. Msafara wenyewe ulipokuja 1877, ng'ombe waliisha.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, yenye bendera, bunduki na madaktari, ilishindwa kumhamisha ndorobo wa magharibi ya Tanganyika, ikaamua kuwahamisha watu: wakaondolewa vijijini mwao na kukusanywa kwenye makazi maalumu kwa sababu ya malale. Serikali nzima ilimpisha mdudu njia. Wewe umekuja na ngamia 40 na barua ya utambulisho.

Hatua ya nne: Jifunze kwa waliotangulia, yaani fanya walivyofanya

Hutakuwa wa kwanza kuagiza mnyama mgeni kwa ajili ya Karema. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga Karema, alikuwa akijenga mlolongo wa vituo kupitia chama chake cha kimataifa, na Kapteni Ernest Cambier alikuwa akisimamisha kituo hapo Karema. Tatizo lilikuwa mizigo. Leopold akagharamia tembo wanne kutoka India, wakiongozwa na Frederick Carter, pamoja na walezi wao wa Kihindi.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri kiasi cha kukutoa machozi. Tembo wa India watabeba mizigo hadi ziwani. Wakishafika, watasaidia kuwakamata tembo wa Kiafrika na kuwafundisha kazi. Baada ya hapo bara zima litabebwa na wenyeji wake wenye mkonga. Tembo mwenye shahada atamfundisha tembo wa kijijini: ni semina ya kujenga uwezo, miaka mia moja kabla semina hazijawa na posho.

Majina yao yalikuwa Sosankalli, Pulmalla, Naderbux na Mahongi. Waliletwa na meli ya Chinsura hadi Msasani, wakateremshwa kwa kamba baharini, wakaogelea hadi ufukweni mbele ya umati uliokuja kushangaa. Julai wakashika njia ya bara. Walibebeshwa mizigo mizito mno, wakaachwa wajitafutie majani njiani ilhali kwao walizoea kulishwa. Madume wote wawili walikufa kabla ya Tabora. Sosankalli alisogea mbali zaidi, akafa kabla ya kuliona ziwa. Pulmalla peke yake aliingia Karema, Desemba 1879, na mwaka uliofuata naye akafa.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu wewe hasa. Jaribio lilihesabiwa kuwa limefaulu. Ndorobo waliwauma tembo na tembo hawakuanguka papo hapo. Kwa hiyo, hoja ikaenda, njia ni salama. Waliokufa walikufa kwa sababu nyingine. Kariri maneno hayo, "sababu nyingine", kwa kuwa utayahitaji katika taarifa ya kila robo mwaka.

Kama una wasiwasi kwamba vifaa vyako ni vya ajabu mno, jipe moyo kwa padri Mfaransa Debaize, aliyekuwa kwenye njia hizohizo wakati huohuo kwa fedha za serikali yake. Mizigo yake ilikuwa na fataki, mavazi ya vita ya chuma, na kinanda cha kuzungusha kwa mkono. Alifia Ujiji Desemba hiyohiyo ya 1879. Vitu vyote hivyo vilikuwa vimefika kwenye Ziwa Tanganyika vikiwa vichwani mwa watu, na hilo tutalirudia kwenye hatua ya saba.

Hatua ya tano: Uliza vita ni vya nani

Kikosi kinahitaji adui, na andiko lako limeacha nafasi hiyo wazi. Usijaze jina bila kuuliza wenyeji. Juni 1880 Carter, akiwa safarini na mwenzake Tom Cadenhead kurudi pwani, alikuwa Mpimbwe, ndani ya Katavi hiihii ya leo. Mji wa Mpimbwe ukavamiwa na majeshi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye wakati huo alikuwa akitikisa nchi yote kati ya Tabora na ziwa. Carter na Cadenhead wakauawa wote wawili. Mirambo baadaye alidai kwamba hakuwakusudia wao. Walikuwa wageni wa mtu aliyekuwa na vita, na hilo lilitosha.

Jifunze kwa Mirambo namna vita vya huku vinavyopiganwa. Nguvu yake ilikuwa rugaruga, vijana wa magobori na mikuki, waliotembea haraka, wakala walichokikuta na wakalala popote. Hawakuwa na farasi, hawakuwa na ngamia, hawakuwa na mnyama wa kutafutiwa majani. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya kawaida ya Tabora hadi Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo, mle ambamo wewe unapanga doria. Alizunguka kwa miguu.

Kwa mbinu za kivita, fikiria hivi. Rugaruga alijificha nyuma ya kichuguu. Askari wako atakuwa amekaa na kichwa mita tatu hivi kutoka ardhini, akitoa moshi wa kinyesi cha tembo. Hakuna adui atakayesema hakumwona.

Hatua ya sita: Kagua njia, ukiwa na mwenyeji

Kabla ya kuondoka, nenda Inyonga ukaonane na mzee anayeujua msitu. Wengi wa wazee hao ni warina asali. Mazungumzo yataenda hivi, usijaribu kuyabadilisha:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Huyo mnyama ni wa nani?"

"Ni wa kikosi, mzee. Ni ngamia wa doria."

"Anakula nini?"

"Majani ya miti, mzee. Kwa chakula hasumbui."

"Sawa. Na ndorobo wa huku wanakula nini?"

Hapo utakaa kimya. Mzee atakukaribisha asali, wala hatalirudia swali lake.

Msitu wa hapa ni miyombo na mininga, na matawi yake yameanzia pale pale kilipo kifua cha mpanda ngamia. Kwenye matawi hayo kuna mizinga ya magome. Mwenda kwa miguu hupita chini ya mzinga akiwa na adabu zake, nyuki wasijue. Wewe utaupiga kwa paji la uso. Ngamia akishaumwa na nyuki atakimbia vizuri sana, jambo ambalo ofisi inaweza kulihesabu kama mafanikio ya mwendokasi, ila uelekeo atauchagua mwenyewe.

Kuanzia Novemba mvua zikianza, mbuga ya Katisunga na mabonde ya mto Katuma hugeuka mfinyanzi mweusi. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini, umeumbwa usizame mchangani. Kwenye mfinyanzi uliolowa hukosa pa kung'ang'ania, na mnyama mwenye miguu mirefu namna ile hupanuka miguu pande zote kama mtoto kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Anaweza kuumia nyonga asisimame tena. Kwa hiyo masika hakuna doria.

Kiangazi, mto unapokauka, hakuna matope. Badala yake kuna viboko, mamia kwa mamia, waliobanana kwenye madimbwi yaliyobaki, kama pale Ikuu, wakipandana migongo na kugombana kwa kila tone. Ngamia wako atanusa maji, na ana haki ya lita mia. Mwambie kiboko hivyo. Kwa hiyo kiangazi nacho hakuna doria kwenye maji. Ukitoa masika na ukitoa madimbwi, umebakiwa na kipindi kizuri cha kufanya mikutano.

Hatua ya saba: Ajiri wapagazi

Hatua hii usiiandike mahali popote, lakini ifanye kabla ya nyingine zote.

Ngamia watahitaji dawa, chumvi, nafaka, makopo na kinyesi cha akiba. Vitu hivyo havitajibeba. Ngamia wa kwanza akifa, mzigo wake utahitaji kichwa. Ngamia wa kumi akifa, utahitaji vichwa vingi, na hapo ndipo kila mradi uliowahi kuelekea ziwani ulipojikuta umefika. Biashara yote ya Bagamoyo hadi Ujiji ilisafiri hivyo: Mnyamwezi na mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu yake mkeka wake na sufuria, kirangozi mbele akishika mwendo, posho kibaba cha nafaka kwa siku, mshahara kwa mikono ya merikani. Wapagazi waliielewa kazi yao vizuri. Walijua kambi zenye maji, walijua wapi wataombwa hongo, na mwajiri akiwapunja walitua mizigo wakagoma. Hakuna ngamia aliyewahi kudai haki yake kwa ufasaha huo, na huenda hiyo ndiyo sababu wakubwa waliendelea kuagiza wanyama.

Vita Kuu ya Kwanza vilirudia somo lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Aprili 1916 Jenerali Van Deventer, wa upande wa Waingereza, alifika Kondoa Irangi na brigedi yake ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Mvua, njaa na maradhi vikawafyeka farasi, na kadiri vita vilivyosogea kusini, kwenye ndorobo zaidi, wanyama walikufa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia Tabora Septemba mwaka huo nao walisukumwa na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Hawakuwa na bunduki wala ugomvi na mtu. Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ambayo kejeli yake ilishaandikwa na wenye vita wenyewe, nami sina la kuiongezea.

Karema nako kuna mtu wa kukumbuka. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1885 waliwaachia kituo mapadri wa White Fathers, na miaka michache baadaye akaja daktari katekista Adrien Atiman. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Timbuktu, alikamatwa na Watuareg akiwa mtoto, akavushwa Sahara utumwani, akakombolewa na mapadri hao, akasomeshwa udaktari Malta. Ikiwa Karema iliwahi kuwa na mtu aliyezijua njia za misafara ya ngamia, ni huyu. Hakuleta hata mmoja. Alileta dawa, akawatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Mradi wake ulidumu zaidi ya miaka 60, bila nembo.

Hatua ya nane: Andika taarifa

Taarifa nzuri ina picha mbili na maneno machache. Usiandike "ngamia 39 wamekufa". Andika "ngamia aliyebaki yuko katika hali nzuri kiafya". Usiandike kwamba kikosi hakikukutana na adui. Andika kwamba hali ya usalama imeimarika. Panapohitajika kueleza hasara, tumia "sababu nyingine".

Zaidi ya yote, wape ngamia majina. Miaka zaidi ya 140 imepita tangu Msasani, na bado tunaweza kuwataja Sosankalli, Pulmalla, Naderbux na Mahongi mmoja mmoja, na kujua nani alikufa kabla ya nani. Watu waliochukua mizigo yao walipoanguka, wakaifikisha Karema, utawakuta kwenye vitabu vya safari kwa jumla yao tu: wapagazi kadhaa, wengine wametoroka, wengine wagonjwa. Ukiuiga mtindo huo, taarifa yako itasomeka kitaalamu sana.

Maswali ambayo wakubwa watauliza

*Kwani ngamia hawachanjwi?* Nagana haina chanjo. Dawa zipo, lakini kuna iliyozoeleka kwa ng'ombe ambayo inaweza kumdhuru ngamia vibaya. Msikilize daktari wa mifugo, hata kama cheo chake ni kidogo kuliko chako.

*Tukiongeza idadi?* Mwaka 1941, afisa Mwingereza Wingate na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia walipoingia Gojjam kutoka Sudan, mizigo yao ilitegemea ngamia wanaokadiriwa kuwa 15,000. Milima, baridi na kazi viliwamaliza. Waliofika Addis Ababa walikuwa wa kuhesabu kwa dakika moja. Mfalme alifika salama, lakini kumbuka alikuwa anarudi kwake.

*Na pundamilia? Yeye ni wa hapahapa.* Wajerumani walishajaribu kumfuga upande wa Kilimanjaro. Pundamilia anamstahimili ndorobo. Asichostahimili ni tandiko.

*Kwa nini tusitumie bodaboda?* Swali hili liko nje ya mipaka ya mradi.

*Tuanze lini?* Mkishawalipa wapagazi. Nusu taslimu kabla mzigo haujainuliwa, nusu Karema, posho ya kila siku isicheleweshwe, na majina yao kamili yaandikwe kwenye daftari juu ya majina ya ngamia. Mkifanya hivyo, ngamia wafike wasifike, mzigo utafika.